Kasri la "Kongo" lisiachwe kuwa kichekesho

Kaskazini mwa Ufaransa kuna kisa kinachosimuliwa kwa kucheka, nasi tunaona hatari ndani yake. Ni kisa cha Victor Vaissier, tajiri wa sabuni wa Roubaix, na kasri alilojijengea mwaka 1892 mji wa jirani, Tourcoing, karibu na mpaka wa Ubelgiji. Likaitwa Kasri la Kongo.

Miji hiyo miwili iliishi kwa sufu na pamba. Vaissier alikuwa na biashara ya sabuni ya familia, na alijua thamani ya kelele. Mwaka 1880 Pierre Savorgnan de Brazza alipata mkataba kwa Makoko, mfalme wa Wateke, na Kongo ikawa gumzo Ufaransa nzima. Vaissier akanusa soko. Sabuni ikapewa jina la Savon du Congo, na matangazo yake yakatoka magazetini kwa mashairi. Sabuni hiyo ndiyo iliyojenga kasri.

Nalo lilikuwa kasri hasa, lenye kuba na matao katikati ya bustani kubwa. Msanifu Édouard Dupire-Rozan alilichora kwa mitindo ya Mashariki kama Wazungu walivyoiota, hata mgeni angedhani kafika India au Istanbul. Cha Kongo hakikuwamo. Hakuna aliyeuliza Wateke wanajengaje, wala Wakuba, watu wengine wa Kongo, wanatia nakshi gani. Kilichochukuliwa ni jina.

Mwaka uleule wa 1892, majeshi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyekuwa akitawala sehemu ya Kongo, yalianza vita mashariki mwa Kongo dhidi ya Waarabu na Waswahili wa biashara ya pembe na watumwa (babu zetu wa pwani hawakuwa malaika katika habari hii). Utawala huohuo ukawalazimisha wanavijiji kuleta mpira kwa viboko, kwa kushika wake zao mateka, na kwa kukata mikono. Upande wa Wafaransa, makampuni yaliyogawiwa ardhi mwaka 1899 yakafuata njia hiyo. Hatusemi Vaissier alimpiga mtu kiboko. Tunasema aliuza harufu nzuri kwa jina la nchi iliyokuwa ikiteswa, na wanunuzi wake hawakuwa na haja ya kujua zaidi.

Alifariki mwaka 1923. Mwaka 1929 kasri likabomolewa, na bustani ikakatwa viwanja. Kadi za posta na mabango ya sabuni yamebaki, na wakusanyaji huyanunua kama mapambo ya ukutani. Hapo ndipo penye hatari: jengo halipo, mashahidi wamekufa, na kinachosalia kinauzwa kwa sababu kinachekesha. Kizazi kimoja zaidi, na Kongo itakuwa imetoka kabisa katika kisa chenye jina lake.

Roubaix yenyewe ina hifadhi ya taifa ya nyaraka za kazi na viwanda, ndani ya kilichokuwa kiwanda cha pamba cha Motte-Bossut. Tunavitaka vyuo vikuu vya Kisangani na Lubumbashi, huko Kongo, vipeleke watafiti huko wakautafute upande wa Kongo wa kisa hiki, na serikali ya Ufaransa iwape viza na gharama za kukaa. Makumbusho yanayotundika mabango hayo nayo yaandike chini yake, kwa herufi zinazosomeka, nini kilikuwa kikitendeka Kongo mwaka yalipochapwa.