Pikapu Kuukuu: Matairi Manne ya Mtumba au Mawili Mapya?



Barua iliyo mbele yetu wiki hii imetoka kwa mke wa askari anayekaa karibu na Bombo. Mumewe ni koplo, na kila siku ya kazi huendesha pikapu yao, Toyota Hilux ya miaka ya 1990, mpaka Kampala na kurudi jioni. Jumamosi gari hilo hilo hubeba mikungu ya ndizi na magunia ya makaa ya biashara ya mama. Sasa matairi yamekuwa kipara. Rafiki amemwonyesha mume matairi manne ya mtumba yang'aayo kama mapya, na bei yake ni sawa na ya mapya mawili dukani. Karo ya watoto imekwisha kulipwa, na fedha hizo ndizo zilizobaki. Hakuna nyingine mpaka mwisho wa muhula. Mama anauliza wafanye lipi.

Jibu letu ni mawili mapya, na yafungwe nyuma. Lakini jibu lisilo na sababu ni amri, na amri wasomaji wetu wanazipata za kutosha kazini. Basi tueleze.

Kwanza yafaa kujua gari linafanya kazi gani hasa, si kazi ambayo mwenyewe angependa lionekane linafanya. Kutoka Bombo mpaka Kampala ni kilomita zipatazo 35, na nyingine kama hizo kurudi. Karibu njia yote ni lami. Vumbi na matope ni vya vilomita vichache vya kufikia nyumbani. Siku tano katika juma sanduku la nyuma ni tupu. Vijana wengi hupenda tairi lenye meno makubwa kama ya trekta, kwa kuwa hulipa gari sura ya kivita. Tairi hilo ni zuri shambani. Juu ya lami hunguruma, hula mafuta, huisha upesi, na mvua ikinyesha huchelewa kusimama. Kwa safari ya namna hii chagua tairi la barabara lenye mifereji mirefu iliyonyooka. Kama njia ya kwenu huwa telezi kweli kweli katika mvua za Machi hadi Mei, chukua lile la katikati, lililotengenezwa kwa ajili ya lami na changarawe pamoja.

Pili, na hapa ndipo fedha za watu wengi hupotelea, ni kusoma ubavu wa tairi. Muuzaji hukuonyesha uso; wewe tazama ubavu. Hilux nyingi za miaka ile zisizovuta kwa magurudumu ya mbele hutumia tairi lililoandikwa 195R14C. Nambari 195 ni upana kwa milimita. R maana yake ni radiali, yaani nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Nambari 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Herufi C, ndogo kiasi kwamba wengi huipita bila kuiona, ndiyo isemayo kwamba tairi hili ni la gari la mizigo. Aghalabu hufuatwa na maneno 8PR, ambayo ni daraja la nguvu, na nambari kama 106/104. Nambari 106 katika jedwali la watengenezaji ni kilo 950 kwa tairi moja. 104 ni kilo 900, pale matairi yanapofungwa mawili mawili upande mmoja.

Sasa mchukue muuzaji anayesema, "Hili nalo ni 195 la 14, litaingia." Ni kweli, litaingia. Lakini ubavuni pameandikwa 195/70R14 91, na hilo ni tairi la gari dogo la abiria. Nambari 91 ni kilo 615 tu. Mawili nyuma yatabeba kilo 1,230, ilhali mawili ya C yangebeba 1,900. Toa humo uzito wa gari lenyewe, kisha pandisha makaa na ndizi za Jumamosi, utaona hesabu inavyokaza. Tairi lililolemewa halipasuki sokoni likiwa limesimama. Hupinda na kujikunjua kila mzunguko, hupata joto, nyuzi zake huachana na mpira, kisha hupasuka njiani gari likiwa katika mwendo, mama na watoto wakiwa ndani.

Tena tairi hilo ni fupi. Lile la C lina kimo cha sentimita 66 na zaidi; hili la abiria lina karibu 63. Mshale ukionyesha kilomita 80 kwa saa, gari litakuwa likienda takriban 75. Hilo ni dogo, lakini latosha kuonyesha kwamba tairi "lililoingia" si lazima liwe tairi lililofaa. Nambari halali za gari lako zimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva au zimo katika kitabu cha gari. Katika gari kuukuu karatasi hiyo huwa imefutika. Basi nakili nambari za tairi ambalo fundi mwaminifu amethibitisha kuwa ndilo, uziandike ndani ya kifuniko cha kisanduku cha mbele.

Tuje kwenye umri. Tafuta ubavuni herufi DOT, ufuate mpaka mwisho wake. Utakuta tarakimu nne ndani ya umbo la yai. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na halifai hata kwa bembea ya watoto. Mara nyingi tarakimu hizi zipo upande mmoja tu, na muuzaji mjanja huugeuza upande huo ukutani. Mgeuzie. Mpira huzeeka hata ukikaa bure, kwa jua, joto na hewa. Hukakamaa na kupata nyufa ndogo ndogo mithili ya udongo wa kiangazi. Watengenezaji wengi husema tairi likitimiza miaka 10 litolewe, hata kama mifereji yake bado ni mirefu, na baadhi ya watengenezaji wa magari husema 6. Kwa mtumba sisi twashika 6. Mama atazame tarakimu za yale manne. Hatutashangaa akikuta kwamba yana umri wa mtoto aliye darasa la tano.

Kuna mtego mwingine katika mtumba ambao haujulikani vya kutosha. Baadhi ya matairi yaletwayo kutoka nchi za baridi, kama Japani na Ulaya, ni matairi ya theluji. Mwenyewe aliyatumia miezi michache ya kila mwaka, ndiyo sababu mifereji bado ni mirefu na uso wapendeza. Lakini mpira wake ni laini kwa makusudi, ili usikakamae katika baridi kali. Ulete mpira huo katika jua la mchana la Kampala, nao hulegea. Gari huchelewa kusimama na tairi huisha upesi. Utalitambua kwa alama mbili: mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani yake, na mikato mingi myembamba ya kupindapinda iliyojaa kila jino. Mengine ya Japani huandikwa STUDLESS. Ukiona hayo, mrudishie mwenyewe kwa adabu. Herufi M+S peke yake si ushahidi, kwani hupatikana pia kwenye matairi mengi ya kawaida ya matope.

Sasa kwa nini mapya yafungwe nyuma? Hapa tunajua tutabishiwa, na pengine hata na afande mwenye nyota begani, kwa maana madereva wengi wamefundishwa kwamba lililo bora huwekwa mbele, penye usukani. Lakini fikiri juu ya pikapu tupu. Injini iko mbele, sanduku la nyuma ni bati na hewa. Mkia ni mwepesi. Katika Hilux ya namna hii ni magurudumu ya nyuma yasukumayo gari. Mvua ikinyesha, tairi la mbele likiteleza, gari hukataa kukata kona na kutaka kwenda moja kwa moja. Dereva hulihisi katika usukani, hupunguza mwendo, na aghalabu gari humrudia. Tairi la nyuma likiteleza, mkia hutangulia. Gari huzunguka kabla dereva wa kawaida hajajua afanye nini, na usukani haumsaidii tena. Ndiyo maana watengenezaji wa matairi hushauri jozi mpya iende nyuma, gari liwe linasukumwa na magurudumu ya nyuma au linavutwa na ya mbele.

Yabaki ya mbele. Katika yale manne ya zamani, bila shaka mawili ni nafuu kuliko mengine. Ndani ya mifereji mna vinundu vidogo vya mpira, vilivyo juu ya sakafu ya mfereji kwa milimita 1.6. Uso ukifika sawa na vinundu, tairi limekufa. Mama asema yamekuwa kipara. Kama yote manne yamefikia hapo, basi pikapu ipumzike na koplo apande taksi ya abiria mpaka jozi ya pili ipatikane. Hatuna jibu lingine, ingawa twajua taksi nazo zina gharama. Kama mawili yangali na milimita tatu au zaidi, hayana ufa wala uvimbe ubavuni, na ni radiali za kipimo kile kile, yatasogezwa mbele kwa muda.

Kabla ya kufunga, soma jinsi ya zamani yalivyokwisha. Yaliyokwisha pembe zote mbili yalinyimwa upepo. Yaliyokwisha katikati yalishindiliwa upepo. Lililokwisha upande mmoja lasema magurudumu hayajanyooshwa, au viungo vya usukani vimelegea. Ugonjwa huo usipotibiwa, tairi jipya litakufa kwa namna ile ile. Mwambie fundi asugue kutu katika rimu, aweke mdomo mpya wa kujazia upepo, wala asikubali kuzibwa tundu lililo ubavuni.

Upepo upimwe asubuhi, gari likiwa bado baridi. Baada ya safari kipimo hupanda kwa paundi kadhaa kwa sababu ya joto, usiupunguze. Paundi 65 zilizoandikwa ubavuni mwa tairi la C ni kikomo chake, si agizo la kila siku. Siku za kazi, nyuma ikiwa tupu, fuata kiasi cha gari tupu kilichoandikwa mlangoni. Ijumaa jioni ongeza mpaka kiasi cha mzigo. Kipimo kidogo cha mkononi ni rahisi kuliko tairi moja, nacho mama anaweza kukitumia mwenyewe.

Hesabu ya mwisho ni ya nyumbani. Kilomita 70 kwa siku, siku 24 kwa mwezi, ni kama kilomita 20,000 kwa mwaka. Tairi jema la namna hii likitunzwa hufika kilomita 50,000 hivi, yaani miaka miwili na nusu. Matairi manne kwa miezi 30 ni tairi moja kwa kila miezi saba na nusu. Gawanya bei ya tairi moja kwa saba na nusu, na kiasi hicho kitolewe siku ya mshahara pamoja na sabuni na chumvi, ama kiwekwe katika chama cha akiba na mikopo, kama vile Wazalendo kwa wanajeshi au Exodus kwa polisi. Jozi ya pili, ile ya mbele, na inunuliwe kwa fedha hiyo kwanza.

Na tairi la akiba lililoning'inia chini ya sanduku tangu gari liliponunuliwa, nalo lishushwe, lisomwe tarakimu zake nne, na lijazwe upepo. Wakati huo huo mtajua kama mnyororo wake bado wazunguka au umeshikwa na kutu.