Nafaka ya Daftari na Nafaka ya Nyumbani



Nataka kujibu maneno yanayozunguka katika ofisi zetu, nayo ni haya: kwamba hesabu za mwaka zaonyesha wazi hali ya chakula cha nchi, na kwamba mtu wa Tarime anayepeleka mahindi yake Sirari ni mwizi wa chakula cha wenziwe. Maneno haya hayasemwi na watu wa sokoni. Husemwa na watu wenye kalamu, na kwa hiyo yatupasa sisi wenye kalamu kuyapima.

Hesabu ya nafaka ina safu tatu ambazo kila karani azijua: iliyonunuliwa, iliyotumiwa viwandani, na iliyobaki ghalani. Ni hesabu safi, na jumla zake hukubaliana. Walakini na tuulize inahesabu nini. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanzishwa mwaka 2008, kwa miaka mingi ulikuwa na maghala ya kuchukua tani 251,000. Mradi wa vihenge vya chuma, uliogharimiwa kwa mkopo kutoka Poland, ulikusudia kuzifikisha tani 501,000, na Shinyanga, tunakokutazamia sisi watu wa Ziwa, pamo katika mradi huo. Sasa shika kalamu. Mahindi yanayovunwa nchini kwa mwaka hukadiriwa kuwa tani milioni 6 na zaidi. Hata vihenge vyote vikijaa hadi juu, havifikii sehemu 9 katika 100 za mahindi hayo. Sehemu 91 ziko wapi? Ziko katika ghala za miti nyuma ya nyumba, Nyamwaga na Ngoreme na Nata, ziko katika magunia yaliyoegemezwa ukutani, ziko njiani. Neno lenyewe kihenge limeazimwa nyumbani kwa mkulima, lakini kihenge chake hakimo daftarini.

Safu ya viwanda nayo ni hivyo hivyo. Kiwanda cha bia kikinunua mtama kwa mkataba, hati ipo na uzani upo. (Jina la Serengeti limebandikwa juu ya chupa zinazojazwa Mwanza, Moshi na Dar es Salaam, sina ugomvi na jina hilo.) Bali mama wa Mugumu anayeotesha ulezi, akaukausha, akausaga, akapika pombe ya kuuza ili anunue sare za watoto, yeye naye ana kiwanda, na hakuna safu yake.

Wala jambo hili si jipya. Mwaka 1973 Shirika la Usagishaji la Taifa lilipewa peke yake kazi ya kununua nafaka. Katika msimu wa 1978/79 lilinunua mahindi kadiri ya tani 220,000. Miaka michache baadaye likapata kiasi kidogo sana kuliko hicho. Je, watu walikuwa wameacha kulima? Ukame ulikuwapo, sikatai. Walakini bei ya Shirika ilikuwa ndogo na malipo yalichelewa, na nafaka, kama maji, ikatafuta njia nyingine. Daftari lilionyesha upungufu, nalo halikuweza kueleza ni kiasi gani kilikosekana shambani na ni kiasi gani kilipita vichakani usiku. Mwishowe Serikali yenyewe ililegeza: mwaka 1984 kiasi ambacho mtu aliweza kusafirisha mwenyewe kilipandishwa kutoka kilo 30 hata kilo 500, na mwaka 1987 kizuizi hicho kikaondolewa.

Pamoja na mafundisho hayo, Julai 2011 mahindi yalizuiwa tena kutoka nchini, na Juni 2017 yakazuiwa mara nyingine. Kisha Machi 2021 Kenya nayo ikayafungia mlango kwa sababu ya sumukuvu, ikaufungua siku chache baadaye kwa masharti. Mkulima wa mpakani akajikuta kati ya milango miwili.

Wapinzani wangu wataniambia: "Mpaka ukiachwa wazi, watoto watalala njaa." Hoja hii ina uzito, nami nitaijibu. Mtu wa kwetu huuza mwezi wa Agosti kwa kuwa ana deni la mbolea na mgonjwa wa kupeleka hospitali, si kwa kuwa ameshiba. Ikiwa fedha anayohitaji ni ile ile, na kufunga mpaka kumeishusha bei, atauza madebe mengi zaidi kuliko ambayo angeuza mpaka ukiwa wazi. Basi amri iliyokusudiwa kulinda ghala lake ndiyo inayolimaliza, na mwezi wa Februari atanunua unga kwa bei ya mfanyabiashara aliyeweka.

Sasa nifike kwetu sisi wenyewe, maana hapa ndipo penye maumivu. Wilaya hupimwa kwa uwiano wa utoshelevu: chini ya 100 ina upungufu, kati ya 100 na 120 inajitosheleza, zaidi ya 120 ina ziada. Uwiano huo hupatikana kwa kugawanya mazao yanayotazamiwa kwa mahitaji ya watu. Mazao hayo hukadiriwa yakiwa bado yamesimama shambani. Tembo wakitoka hifadhini wakala ekari 3 kabla ya mavuno, makadirio yamekwisha kwenda. Muhogo nao huingizwa pamoja na nafaka, jumla ikapanda. Na gunia! Sheria yataka mazao yapimwe kwa mizani, gunia lisizidi kilo 100. Lakini lumbesa ya debe 7 hupita, nasi twaandika "gunia 1". Kwa hesabu hii wilaya yaweza kuitwa ya ziada na huku nyumba nyingi zina vihenge vitupu. Mtendaji wa kijiji aliandika alichoulizwa. Hakuna aliyemwuliza habari za mwezi wa Februari.

Mabwana na mabibi wanachama, sitaki tulaumu wakubwa tu. Namba zile hupita mikononi mwetu kabla hazijafika Dodoma. Natoa shauri liandikwe katika mambo ya mkutano ujao: chama kiombe kwa barua kwamba kila Februari ihesabiwe nafaka iliyomo nyumbani, kata kwa kata, hata kama ni nyumba chache zilizochaguliwa kwa kura, kwamba mahindi yanayopita Sirari yaandikwe kwa kilo, yawe na safu ya nne katika hesabu ya wilaya, na kwamba amri yoyote ya kufunga mpaka isitolewe kabla ya safu hiyo kusomwa. Anayepinga na aje na hesabu yake, tuisome mbele ya wote.

Ni mimi,
Karani wa Tarime