Tairi Kubwa, Upepo Kidogo

Huenda ukajiuliza mtu aishiye Buruburu au Kangemi ana shughuli gani na tairi la trekta. Subiri kidogo. Wengi wetu tuna shamba huko nyumbani, na msimu wa kulima ukifika twatuma pesa. Je, umewahi kuuliza huishia wapi?

Mwezi wa Machi mwaka juzi nilikuwa kwa shemeji yangu, karibu na Moi's Bridge. Trekta lake alilinunua kwa mkopo, nalo ndilo huwalipia watoto karo. Siku hiyo lilikuwa limetoka kuwekwa upepo mjini. Kijana wa kuziba panchari alikuwa ameyajaza matairi ya nyuma hadi pauni 35 kwa kila inchi ya mraba, kisha akayapiga teke kwa fahari. "Sasa ni mawe!"

Naam, yalikuwa mawe kweli. Plau ilipoteremshwa, magurudumu yalizunguka papo hapo yakichimba udongo, trekta likajikokota kama kobe. Dizeli ya siku mbili ikaisha kabla ya saa tisa alasiri. Shemeji akamfokea dereva, dereva akalaumu plau, nami mtu wa jiji nikalaumu mvua. Mzee mmoja jirani, fundi wa zamani wa mashamba ya ngano, alikuja akatazama, akauliza swali moja tu: "Nani amewawekea upepo?"

Gari dogo la nyumbani hutumia pauni 30 hivi. Tairi la nyuma la trekta, ambalo laweza kumpita mtu kwa urefu, aghalabu hutosheka na pauni 12 hadi 16 likiwa shambani. Ajabu, sivyo? Siri ni kwamba lina nafasi kubwa ya upepo, hivyo hubeba uzito mwingi bila kukazwa sana. Likilegea kiasi hukanyaga ardhi kwa upana, meno yake yakashika udongo. Likikazwa hugusa sehemu ndogo, huteleza, na kushindilia udongo hata mizizi ya mahindi ishindwe kupenya.

Lakini usikimbilie kuutoa upepo wote. Tairi lililolegea kupita kiasi hupasuka ubavuni, tena rimu yaweza kuzunguka ndani yake na kung'oa valvu. Na trekta likienda barabarani na trela la magunia, upepo huongezwa. Kipimo hasa hutegemea uzito na aina ya tairi, na kimo katika kitabu cha mtengenezaji. (Kitabu hicho shemeji alikuwa amekifungia kabatini pamoja na vyeti vya shule.)

Mzee alitutaka tungoje hadi asubuhi, kabla trekta halijafanya kazi, kwa sababu tairi likipata moto upepo huvimba na kipimo hudanganya. Alikuja na geji yake ndogo ya pauni chache. Geji ya malori, alisema, ikikosea pauni 3 kwenye 100 si neno. Kwenye 12 ni robo nzima. Akaacha pauni 14, kulia na kushoto sawasawa.

Kisha akafanya hesabu ambayo wanafunzi wataipenda. Alichora alama ya chaki kwenye tairi, akahesabu mizunguko 10 plau ikiwa ardhini na kupiga kigingi mwanzo na mwisho. Akarudia mwendo ule ule plau ikiwa juu: mizunguko 8 na nusu. Yaani katika kila mizunguko 10, mmoja na nusu ulipotea kwa kuteleza, asilimia 15. Kwenye udongo uliolimwa, kiasi hicho chavumilika. Jana yake, nadhani, tulikuwa tukipoteza karibu theluthi.

Jioni shemeji alipima dizeli kwa kijiti, akatabasamu. Kisha akanituma mjini nikamnunulie geji yake mwenyewe.