Mwenye Simu Ndiye Ashike Simu



Kikundi cha kompyuta cha jumuiya yetu kilianza kama jambo dogo: vijana wawili watatu waliozoea mitambo hii, chumba cha nyuma cha maktaba, na wazee wachache waliokuja na simu mikononi wakiuliza mbona haipigi. Leo, ukiacha misiba na harusi, hakuna kikao cha watu wa wilaya ya Bahi, Dodoma, tulioko Uingereza kinachojaa kama kile cha Jumamosi mchana. Vijana wale tunawapongeza, na tunawapongeza pia kina mama wanaoleta chai na maandazi bila kuombwa. Lakini baada ya pongezi kuna jambo ambalo tahariri hii inataka kulisema waziwazi, nalo linahusu jinsi tunavyosaidiana. Tunaona kikundi kijiwekee sharti moja: anayesaidiwa ndiye ashike simu, abonyeze mwenyewe, na nywila ibaki yake.

Sababu zipo, na ya kwanza ni vibali vyetu vya kuishi hapa. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, ndiyo maana wengi wetu tumekaa nchi hii miaka nenda miaka rudi tukiwa na pasipoti ya nyumbani. Zamani kibali kilikuwa kadi ya BRP, kitu cha kushikika, unakitia kwenye pochi na kutembea nacho. Kadi nyingi ziliandikwa kuisha tarehe 31 Desemba 2024, na sasa mambo yote yamehamia kwenye eVisa. Haki yako ya kuishi, ya kufanya kazi na ya kupanga nyumba imo ndani ya akaunti ya UKVI, idara ya visa na uhamiaji ya Uingereza, mtandaoni. Kila unapotaka kuingia, unatumiwa namba ya kuthibitisha kwa simu au barua pepe. Mwajiri akitaka uthibitisho, unamtolea msimbo wa herufi na tarakimu tisa, nao hudumu siku 90. Ukipata pasipoti mpya ubalozini, nayo inabidi uiingize kwenye akaunti, la sivyo unaweza kujikuta unabishana na mtu wa shirika la ndege huku wenzako wanapanda.

Mama mmoja wa kwetu, anayefanya kazi ya kuhudumia wazee, alikuja kikundini Jumamosi moja na barua ya mwajiri wake. Alitakiwa kutoa msimbo mpya kabla ya Jumatatu. Akaunti alikuwa nayo. Ilifunguliwa na mtoto wa dada yake, kwa nia njema kabisa, mezani baada ya chakula, na mama mwenyewe alikuwa jikoni akiosha vyombo. Barua pepe iliyoandikwa ilikuwa ya kijana. Namba ya simu ilikuwa ya kijana. Kijana naye alikuwa amehamia Scotland, amebadilisha laini, na mchana ule alikuwa amelala baada ya zamu ya usiku. Mama alikaa mbele ya skrini iliyokuwa ikimdai namba iliyotumwa kwenye laini isiyokuwepo tena. Kibali chake kilikuwa halali, hakina doa, ila yeye mwenyewe hakuwa na njia ya kukifikia. Kijana alipoamka jioni aliomba radhi mara nyingi, na jambo likatengenezwa kwa taabu. Hata hivyo, hakuwa ametenda kosa ambalo wengi wetu hatulitendi kila wiki.

Na yasidhaniwe kuwa ni mambo ya ughaibuni tu. Nyumbani kila mzazi mwenye mtoto aliyemaliza kidato cha sita anaijua safari ya steshenari. Kijana anatoka Mundemu au Chipanga na vyeti kwenye bahasha, anafika mjini, anapanga foleni ili aombe chuo na mkopo. Mwenye steshenari ana watu ishirini mlangoni. Anamfungulia barua pepe harakaharaka, anabuni nywila anayoikumbuka yeye, anajaza fomu, anachukua hela yake, anaita anayefuata. Wiki kadhaa baadaye linatakiwa rekebisho dogo: jina la kwenye cheti cha kuzaliwa halifanani na la cheti cha shule. Kijana hawezi kuingia. Anarudi mjini kwa nauli nyingine, na mwenye steshenari hakumbuki, maana amekwisha kufungulia watu mia. Wangapi kati yetu tumetumiwa ujumbe usiku, "Baba mdogo, nisaidie, akaunti imekataa"? Tunatuma nauli, tunadhani tumesaidia.

Kwa nini basi tunaendelea hivi? Haraka ni sababu moja. Kumfungulia mtu akaunti ni kazi ya dakika kumi. Kumkalisha aifungue mwenyewe inaweza kumaliza mchana. Lakini sababu kubwa zaidi ni heshima. Kijana aliyelelewa vizuri hawezi kumwambia mzee, "Hapana, umekosea, rudia." Anaona ni utovu wa adabu. Kwa hiyo anasema, "Lete, mzee, nikufanyie." Mzee naye hataki wajukuu wamwone anatafuta herufi kwa kidole kimoja, kwa hiyo anaitoa simu upesi. Kila mmoja amemstahi mwenzake, na hakuna aliyejifunza kitu.

Njia ya kutoka ipo, na tumeiona kikundini. Mzee wetu mmoja, mstaafu wa kazi ya reli, alikataa kutoa simu tangu siku ya kwanza. Huja na daftari la kurasa za mistari, miwani kwenye kamba, na kalamu ya wino wa buluu. Anayemsaidia huketi upande wake wa kulia, mikono juu ya magoti, na kusema tu. Mzee hubonyeza, husoma kwa sauti kilichotokea, huandika, ndipo huendelea. Alipofika penye kitufe chekundu cha kufuta aliuliza, "Nikibonyeza hiki, kinafuta kwangu tu au na kwa wenzangu?" Kijana akanyamaza, kisha akakiri kuwa na yeye hajui, wakatafuta jibu pamoja. Hakuna heshima iliyovunjika pale. Mzee alikuwa mwenye shughuli, na kijana alikuwa mwenye kumwongoza. Siku hizi mzee yule ndiye anayewafundisha wenzake kupanga picha na kuzihifadhi, na wazee wanamwelewa kuliko wanavyowaelewa vijana, maana haruki hatua.

Hapo ndipo tunapofikia hoja ya pili: ujuzi usikae kwa watu wawili. Ugogo kwetu ni nchi ya mvua za kubahatisha, na wazee waliosimuliwa habari za Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920, wanajua mwaka mbaya unavyoweza kuwa. Ndiyo maana mfugaji wa kwetu hakuweka ng'ombe wake wote zizi moja. Wengine aliwaweka kwa shemeji, wengine kwa rafiki wa kijiji cha mbali, na aliyewatunza alikunywa maziwa yao. Ugonjwa ukiingia zizi moja, mji hauishi. Kikundi chetu kimefanya kinyume: ujuzi wote umo katika zizi moja. Mwaka huu mmoja wa vijana wetu alipokwenda nyumbani likizo, na mwenzake akapata zamu za Jumamosi, chumba kilijaa watu na hapakuwa na wa kuuliza. Watu walikunywa chai wakarudi makwao. Kila aliyefundishwa jambo moja alifaa awe ameshapewa watu wawili wa kuwafundisha jambo hilohilo.

Kusaidiana kwa namna hii si jambo geni hata huko zilikozaliwa kompyuta tunazotumia. Machi 1975, katika gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California, walikutana watu waliokuwa wakijitengenezea kompyuta nyumbani, na kikundi chao kikajulikana kama Homebrew Computer Club. Desturi yao ilikuwa kuonyeshana. Steve Wozniak aligawa michoro ya kompyuta aliyoiunda, iliyokuja kuitwa Apple I, ili wenzake nao waweze kuijenga kwa mikono yao. Mwaka mmoja kabla ya mkutano ule wa gereji, 1974, serikali yetu ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ile ilikuwa na sababu zake: nchi ilikuwa changa, fedha za kigeni haba, na majaribio ya mwanzo ya kuendesha hesabu za Hazina kwa kompyuta hayakuzaa matunda yaliyotarajiwa. Lakini ina maana kwamba kizazi cha wazazi wetu hakikupata gereji ya kuchezea. Wengi walikutana na kompyuta ukubwani, kazini, wakiogopa kuiharibu. Woga ule bado tunao, na tunawarithisha watoto kila tunaposema, "Usiguse, mpe kaka yako."

Woga huo una wanaoula. Nyumbani nani hajapata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Huku ujanja umevaa suti nyingine. Mtu anaandika kwa jina la rafiki yako kwamba amekutumia kwa bahati mbaya namba ya tarakimu sita, mrudishie tafadhali. Ukimrudishia, WhatsApp yako imekwenda, na ndani ya saa moja anawaandikia watu wote wa kundi la jumuiya kwamba uko hospitalini na unahitaji pauni mia mbili. Aliyezoea kumpa mwingine simu amalize mambo ndiye anayetoa namba hiyo bila kufikiri, kwa sababu hajawahi kuelezwa namba ile ni ya nini. Aliyewahi kufungua akaunti kwa mkono wake anajua kuwa namba ya kuthibitisha haitumwi kwa mtu yeyote, hata angekuwa mwenyekiti. Kikundi kikitaka kufanya jambo moja tu lenye faida wiki hii, kiwakalishe watu wafungue Mipangilio ya WhatsApp, waingie kwenye Akaunti, na wawashe uthibitishaji wa hatua mbili. Na tunapowapigia simu ndugu walioko Bahi, tuwafundishe kupiga *106# waone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao cha NIDA, na kuzipeleka namba za matapeli kwenye 15040. Tuwaelekeze, wao wabonyeze, watusomee kilichotokea.

Limezuka pia wazo la kupeleka kontena la kompyuta kwenye shule za wilaya yetu. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipomaliza muda wa kawaida wa kuihudumia Windows 10, ofisi nyingi za huku zinatupa kompyuta ambazo bado zinafanya kazi, kwa sababu tu hazikubali Windows 11. Ukiziwekea mfumo wa Linux badala ya Windows, zinaweza kutumika miaka mingine. Wazo ni zuri, lakini tunaliwekea sharti. Kompyuta isipokuwa na mtu wa kuifungua, kuipangusa vumbi na kubadilisha kilichoungua, ni fenicha. Tusipeleke hata moja kabla ya kupata walimu wawili katika kila shule watakaopenda kufundishwa, na wanafunzi wa kuwasaidia. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kina ndaki nzima ya mambo ya kompyuta, na Bahi si mbali na mjini. Vijana wenye ujuzi wapo karibu na shule zile kuliko sisi. Kazi yetu iwe kuwaunganisha na kugharamia nauli zao, kabla ya kugharamia meli.

Yapo maneno tunayoyasikia kutoka kwa wanaopinga sharti hili, na si ya kupuuzwa. Wanasema: mama wa miaka 75 mwenye macho mabovu, na kibali kinachokaribia kuisha, tumfundishe nini? Tumfanyie tu. Tunakubali kuwa kuna siku za dharura, na kuna watu ambao macho au mikono yao imechoka. Kwao tufanye, lakini kwa utaratibu: barua pepe iwe ya kwake, simu iwe ya kwake, nywila iandikwe kwenye daftari lake na iwekwe anapoweka pasipoti, na mtoto wake mmoja awepo akiona kila hatua. Kwa sisi wengine, wahenga walikwisha kusema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anayekuja kikundini mara ya tatu na shida ileile, apewe jembe lake.

Basi tunapendekeza haya kwa kamati. Kila anayekuja aje na daftari. Msaidizi asishike simu ya mtu isipokuwa kwa dharura, na asiweke barua pepe wala namba yake kwenye akaunti isiyo yake. Kila jambo moja liwe na watu watatu wanaoliweza, na angalau mmoja wao awe amevuka miaka 50. Na kikao cha kwanza cha mwezi ujao kisifungue fomu wala akaunti mpya ya mtu yeyote. Siku hiyo kila mmoja aje aingie kwenye barua pepe yake na akaunti yake ya UKVI, peke yake, bila kuuliza. Atakayeshindwa asione haya. Ndiye tutakayeanza naye.

Mhariri