Kukanyaga Mafuta Si Kupima Injini

Anayeuza gari la kasi mjini Kisumu hana haja ya maneno mengi. Anakuketisha mbele, anashika barabara ya Busia, na akishaupita uwanja wa ndege anakanyaga mafuta mpaka mwisho. Gari linachomoka, mgongo wako unabanwa kitini, mshale unapita 140, naye anakuuliza kama injini iliyochoka inaweza kuvuta hivyo. Wanunuzi wengi hutoa arubuni siku hiyo hiyo.

Msimamo wetu ni kwamba mtindo huu ukome. Haumwambii mnunuzi alichokuja kujua, na unafanywa kwenye barabara ambayo watoto huivuka wakienda shule.

Magari yanayouzwa kwa njia hii ni yale ya otomatiki ambayo vijana wetu huyahesabu kuwa ya spoti: Subaru za turbo, Golf GTI, na hasa Toyota Mark X. Toyota iliacha kuunda Mark X Desemba 2019. Kenya nayo hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo kwa mwaka 2026 Shirika la Viwango (KEBS) linakubali tu yaliyosajiliwa kuanzia 2019. Mark X zinazoweza kushuka bandarini Mombasa sasa ni za mwisho mwisho. Nyingi utakazouziwa Kisumu zimeshaishi humu nchini chini ya mmiliki wa pili au wa tatu. Gari linalotoka Japani huja na cheti cha ukaguzi kilichotolewa kabla halijapakiwa melini. Linalotoka kwa jirani wa Milimani au Kakamega huja na maneno ya broka. Ndiyo maana namna ya kulipima imekuwa jambo kubwa kuliko ilivyokuwa miaka kumi iliyopita.

Hebu tuangalie ule msukumo wa mgongoni unatoka wapi. Katika gari la otomatiki kama Mark X, kati ya injini na giaboksi kuna konveta, chombo kilichojaa mafuta ambacho huzidisha nguvu ya mzunguko wa injini gari linapoanza kuondoka, wakati mwingine hata maradufu. Ukikanyaga mafuta ghafla ukiwa mwendoni, kompyuta hushusha gia moja au mbili kwa mpigo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile unachokisikia ni kazi ya konveta na gia. Injini iliyopungukiwa na nguvu bado itakusukuma vizuri kwa sekunde tatu za kwanza. Kinyume chake, mshale wa mizunguko ukiruka juu huku kasi ikibaki nyuma, shida huenda iko kwenye giaboksi inayoteleza, na injini haina kosa lolote.

Kisha kuna hewa. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni karibu asilimia 88 ya lile la Mombasa. Nguvu ya injini isiyo na turbo hushuka karibu kwa uwiano huo huo. Mark X ya lita 2.5 iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 203 inabaki na kama 178 kando ya ziwa. Nairobi, iliyoko juu zaidi, gari hilo hilo hupoteza karibu moja ya tano. Mtu aliyezoea kuendesha Mark X Nairobi akija kujaribu nyingine Kisumu ataiona ina nguvu zaidi hata kama imechoka kidogo. Anayetoka Mombasa ataikataa iliyo nzima. Turbo hufidia upungufu huo kwa sehemu kubwa, kwa hiyo kulinganisha Subaru ya turbo na Mark X kwa kutumia mgongo hakusaidii chochote.

Ubaya zaidi ni kwamba magonjwa yanayomaliza pesa za mnunuzi hayaonekani katika sekunde kumi za kasi. Injini inayokula lita moja ya oili kila kilomita 1,000 huchomoka vizuri tu. Gasketi ya kichwa iliyoanza kuvuja haitajionyesha kabla ya kupanda mlima wa Riat adhuhuri, taa ya joto ikiwaka. Chukua ile injini ya lita 2.5 ya Mark X, iitwayo 4GR. Petroli yake hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipitii kwenye vali za kuingizia hewa, kwa hiyo hakuna kinachoziosha, na masizi hujikusanya juu yake mwaka baada ya mwaka. Dalili yake ni mtetemo gari likiwa limesimama, hasa asubuhi injini ikiwa baridi. Mnunuzi anayerushwa kwa kilomita 140 hawezi kuusikia. Angeusikia akiwa ametulia kwenye foleni ya Kondele, mguu kwenye breki na kiyoyozi kimewashwa.

Hatusemi kwamba kuchomoka kwa gari hakuna maana. Kukipimwa, kunasema mengi. Tafuta kipande tambarare cha uwanda wa Kano, mbali na soko na shule, injini ikiwa imeshapata joto. Weka gia kwa mkono, ya pili, ili kompyuta isikuchagulie. Kutoka kilomita 40 kwa saa, kanyaga mpaka ufike 80, mwenzako akihesabu muda kwa simu. Rudia mara tatu, kisha geuka ufanye vivyo hivyo kuelekea ulikotoka, maana upepo wa ziwani na mteremko usioonekana kwa macho hudanganya. Chukua wastani, ulinganishe na Mark X nyingine ya injini hiyo hiyo, hapa hapa Kisumu. Ikichelewa kwa sekunde nzima, una swali la kumuuliza muuzaji. Na hujavunja sheria, kwani kilomita 80 iko chini ya kikomo cha kasi cha gari dogo kwenye barabara kuu nje ya miji.

Hilo nalo lije mwisho. Kabla yake, mwambie muuzaji mapema kwamba gari lisiwashwe asubuhi hiyo. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, jiulize kwa nini aliona haja ya kuliamsha kabla hujaja. Liwashwe ukiwa umesimama nyuma, utazame bomba la moshi; moshi wa buluu ni oili inayoungua. Kisha fundi wako achomeke skana. Taa ya injini kutowaka kwenye dashibodi hakutoshi, kwa sababu kufuta makosa kwenye kompyuta ni kazi ya dakika moja. Gari lenyewe huacha alama: kompyuta ina vipimo inavyojifanyia likiwa barabarani, na skana ikionyesha havijakamilika, kumbukumbu ilifutwa au betri ilitolewa karibuni. Fundi aangalie pia marekebisho ya mafuta yanayofanywa na kompyuta. Yakizidi asilimia 10 juu au chini, huenda hewa inavuja, pampu imedhoofika au sensa imekufa. Akiwa na geji ya mgandamizo, afungue plagi apime kila silinda. Asitishwe na namba zilizo chini ya zile za kitabu, kwani huu ni mwinuko wetu. Atazame kama silinda moja imeachwa na wenzake kwa zaidi ya asilimia 15.

Mafundi wa kufanya haya wapo Kibuye, na wengine wana skana nzuri kuliko za yadi za magari. Kinachokosekana ni muuzaji kukubali gari likae na fundi wa mnunuzi kwa asubuhi moja. Anayekataa hilo lakini yuko tayari kukukimbiza barabarani, tunakushauri uondoke na pesa zako.

Barabara zetu hazina nafasi ya michezo hii. Otonglo na Kisian ni masoko yaliyokaa juu ya lami, boda boda hukata kutoka kila upande, na akina mama hupanga bidhaa zao hatua chache kutoka magari yanapopita. Upande wa Miwani barabara imenyooka na inashawishi, lakini trekta za miwa huitumia, nyingine zikiwa hazina taa za nyuma. Agosti 2025 watu zaidi ya 20 waliokuwa wametoka mazishini walikufa basi lao lilipopinduka kwenye mzunguko wa Coptic, Mamboleo. Basi lile halikuwa likijaribiwa na mnunuzi yeyote. Lakini kila mkazi wa Kisumu aliona siku ile barabara hizi zinavyomwadhibu anayeshindwa kupunguza kasi kwa wakati.

Polisi wa trafiki wanaijua tabia hii ya wauzaji. Kifungu cha 47 cha Sheria ya Trafiki kinahusu uendeshaji wa hatari, na anayesababisha kifo kwa uendeshaji wa namna hiyo anaweza kufungwa hadi miaka kumi. Hakuna mahali sheria hiyo inapomsamehe dereva kwa sababu alikuwa akiuza gari. Ikitumika mara chache tu dhidi ya madereva wa yadi, habari zitafika haraka.

Hata hivyo adhabu peke yake haitoshi, kwa kuwa mnunuzi ana haki ya kujua injini ina nguvu kiasi gani. Ipo mashine ya kazi hiyo: gari hupandishwa juu ya rola, magurudumu yanazunguka gari lenyewe likiwa limefungwa pale pale, na kompyuta inaandika nguvu halisi inayofika kwenye magurudumu kwa kila kiwango cha mzunguko wa injini. Hakuna anayegongwa. Tunapendekeza mashine hiyo iwekwe Kisumu National Polytechnic, ambako vijana tayari wanasomea ufundi wa magari, kwa ushirikiano na Kaunti ya Kisumu. Wanafunzi watajifunza kwa magari halisi, mnunuzi atalipia na kupewa karatasi, na chuo kitapata mapato. Wateja wanaweza kutoka Siaya, Homa Bay, Vihiga, hata Busia.

Kaunti hupaswa kuidhinisha bajeti yake kabla ya Juni 30. Wenye yadi, mafundi wa Kibuye na wanaotaka kununua magari wafike kwenye vikao vya wananchi kabla ya tarehe hiyo, na waitaje mashine hii.