Muuguzi Asiadhibiwe kwa Kusema Kweli

Wananchi wa Thika na Ruiru, tunauliza: muuguzi akigundua kwamba mgonjwa amepewa dawa isiyo yake, amwambie nani? Mwaka wa 2018, Hospitali Kuu ya Kenyatta ilipompasua kichwa mgonjwa ambaye siye, wauguzi wawili, mpasuaji na mtoa nusukaputi walisimamishwa kazi. Mwenye hatia awajibike, hatukatai. Lakini pale adhabu inapotangulia uchunguzi, wodi nzima hujifunza kunyamaza, na kosa lililofichwa humfikia mgonjwa wa kitanda cha pili. Sheria ya Kupata Habari ya 2016, kifungu cha 16, humlinda anayefichua jambo kwa manufaa ya umma. Tunadai kila hospitali, hata zile za makanisa yetu, ikibandike kifungu hicho ukutani na kumtaja afisa anayepokea ripoti.