Kisigino Kiumacho Asubuhi

Mwezi huu nataka kunena nanyi habari za miguu, nami nawaomba msicheke, maana aliyepata kuumwa kisigino hacheki.

Mwaka jana tabibu alinipima, akaona shinikizo la damu yangu limezidi, akaniagiza nitembee kwa haraka kila siku. Sisi walimu twadhani ya kuwa twatembea sana. Kumbe twasimama sana, na kusimama si kutembea. Basi nikaanza. Nami, kama ilivyo desturi ya mtu aliyetishwa, sikuanza kwa kidogo. Tangu siku ya kwanza nilikwenda saa nzima alfajiri, juu ya njia ya lami, nimevaa viatu vyangu vya darasani ambavyo soli zake zimelika upande mmoja. Majuma mawili yakapita hivyo, pumzi ikawa nyepesi, nikajisifu moyoni.

Siku ya kumi na saba nikaamka, nikashusha miguu kitandani, nikakanyaga sakafu, lo! ilikuwa kana kwamba nimekanyaga msumari. Nikachechemea hata mlangoni. Baada ya hatua ishirini au thelathini maumivu yakapungua, nikasema yamekwisha. Adhuhuri, nilipoinuka kitini baada ya kusahihisha madaftari, yakarudi yale yale.

Mke wangu aliniona nikishika ukuta, akaniuliza, "Baba watoto, una nini?" Nikamjibu, "Nimelala vibaya." Ndiyo majibu yetu sisi wanaume. Mwezi mzima nilificha, nami niliona njia mbili tu mbele yangu: ama niache kutembea kabisa, ama nikaze meno. Nikakaza meno, na kisigino kikazidi.

Hatimaye nilikwenda kwa tabibu, naye alinieleza hivi. Chini ya wayo, toka mfupa wa kisigino hata penye mwanzo wa vidole, upo utando mnene, mgumu kama ukanda wa ngozi. Huo ndio ushikao tao la mguu, kama uzi ushikavyo upinde. Kila hatua huuvuta, kisha huulegeza. Ukivutwa mara nyingi kuliko ulivyozoea, huumia pale unaposhikamana na kisigino. Usiku mguu hulala umenyoka, ncha yake ikielekea chini, na utando hujikunja; asubuhi hatua ya kwanza huunyosha ghafula, ndipo mtu apigapo kelele. Wapatwao zaidi ni watu wa miaka arobaini hata sitini, wenye uzito mwingi, wasimamao kutwa juu ya saruji, na walioongeza mwendo wao kwa ghafula. Nikaona amenichora mimi.

Aliongeza neno ambalo sikulijua. Moyo na mapafu huanza kuizoea kazi mpya kwa majuma machache. Bali kano, utando na mifupa huchelewa, hata miezi kadhaa. Kwa hiyo pumzi humdanganya mtu. Yeye husema, "Naweza zaidi," na kifua chake chasema kweli, lakini mguu bado haujawa tayari.

Tena nilikuwa nimejipa mzigo nisioagizwa. Shirika la Afya Duniani, katika maelekezo yake ya mwaka 2020, lashauri mtu mzima apate dakika 150 hata 300 za mwendo wa kiasi kwa juma. Mimi nilianza na dakika 420! Na si kutembea peke yake kuhesabiwako: baiskeli yahesabiwa, na jembe pia lahesabiwa, ikiwa mtu alima kweli wala si kuegemea mpini.

Basi nilifanya hivi. Sikuacha mazoezi, nilibadili. Siku nne za juma nilipanda baiskeli, maana hiyo huufanyisha moyo kazi pasipo kukigonga kisigino. Siku mbili nilitembea dakika kumi na tano tu, kwenye njia ya udongo kando ya kiwanja cha mpira. Asubuhi, kabla ya kukanyaga chini, nilikaa kitandani, nikaweka mguu mbaya juu ya goti la pili, nikavuta vidole kuelekea muundi hata utando ukakaza kama kamba, nikahesabu kumi, nikaachilia. Mara kumi, na mara tatu kwa siku. Kisha nilisimama mbele ya ukuta, mguu mbaya nyuma, goti limenyoka, kisigino chini, nikaegemea mbele hata shavu la mguu likanyooka, maana shavu lililokazana huvuta kisigino na kuuongezea utando mzigo. Jioni niliviringisha chupa ya maji baridi chini ya wayo, na watoto walifurahi sana kunitazama.

Viatu vile vya darasani niliviacha, nikanunua raba zenye soli nene kidogo na kisigino imara. Nyumbani nako sikutembea pekupeku juu ya saruji, wala kwa ndara zilizokwisha kuwa bapa kama karatasi. Wengine walinihimiza nichuliwe kwa mafuta ya moto. Yalinipa usingizi mzuri tu. Mwingine alinitisha kwamba nina mwiba wa mfupa kisiginoni, hauna budi kukatwa. Yafaa mjue ya kuwa watu wengi wana mwiba huo wala hawaumwi kitu.

Sasa nina habari ya kusikitisha. Mwalimu mwenzangu alianza kukimbia pamoja na vijana, akapata maumivu juu ya mguu, si kisiginoni. Aliniuliza, nami kwa ujuzi wangu wa mwezi mmoja nikamwambia, "Endelea polepole, utazoea." Neno hilo nalijutia hata leo. Maumivu yake hayakuwa kama yangu. Yangu yalipungua nikitembea kidogo. Yake yalizidi kwa kila hatua, mahali pamoja ambapo angeweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole, mguu ukavimba, na usiku ukamwuma hata akiwa amelala. Mfupa ulikuwa umepata ufa. Ugonjwa huu si mpya: mwaka 1855 tabibu wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt aliandika habari za askari waliovimba miguu kwa safari ndefu, na sababu haikuonekana mpaka eksirei ilipovumbuliwa mwaka 1895. Hata eksirei huweza isionyeshe kitu katika majuma ya kwanza. Mwenzangu aliambiwa hana neno, akarudi baada ya majuma matatu, ndipo ufa ukaonekana. Alikaa majuma sita na kiatu kigumu cha hospitali, nami nikafundisha darasa lake pamoja na langu. Sikunung'unika.

Kwa hiyo mwenye maumivu ya namna ile, au asiyeweza kuukanyagia mguu, au mguu wake umekuwa mwekundu na wa moto, naye ana homa, asimwulize mwalimu. Aende hospitali. Na mwenye kisukari aende kabla hajaanza mazoezi, maana miguu yake huweza kufa ganzi, akatoboka wayo asijue. Tena atazame nyayo zake kila jioni, au mtu wa nyumbani amtazamie.

Utando huu hauponi upesi. Walio wengi hupona pasipo kupasuliwa, lakini kwa miezi, na pengine mwaka. Mimi nilichukua miezi mitano. Siku yenyewe ya kupona siijui. Mke wangu ndiye aliyeona kwanza kwamba sishiki ukuta tena. Sasa natembea dakika thelathini, siku tano za juma.

Mama yule aliyeniuliza habari za magoti na kupanda mlima, nitamjibu mwezi ujao, nikiisha kuonana na tabibu.